Homa ya Mafua: Tuijue, Tujikinge

Hakuna mtu ambaye hajawahi kuugua mafua. Pua hutiririka, mtu hupiga chafya, koo huwasha. Baada ya siku chache hupona. Kwa sababu hiyo watu wengi huyadharau. Husema, "Ni mafua tu, yataisha yenyewe."

Mara nyingi husema kweli. Lakini kuna mafua ya aina nyingine. Hayo huja kwa ghafla, humlaza mtu kitandani, na wakati mwingine huua. Wataalamu huyaita influenza. Sisi tunayaita homa ya mafua, au mafua makali.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama bilioni 1 huugua homa ya mafua kila mwaka duniani kote. Kati yao, watu milioni 3 hadi milioni 5 huugua sana. Wanaokufa kwa kushindwa kupumua ni kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka. Wengi wao ni wazee na watoto wadogo. Kwa hiyo tusiseme "ni mafua tu" kabla ya kumtazama mgonjwa vizuri.

NI NINI KINACHOLETA HOMA YA MAFUA?

Watu wengi huamini kwamba mafua huletwa na baridi, mvua au vumbi. Hiyo si kweli. Homa ya mafua huletwa na virusi.

Virusi ni vijidudu vidogo mno. Macho yetu hayawezi kuviona. Hata darubini ya kawaida ya zahanati haiwezi kuvionyesha. Virusi vya homa ya mafua ya binadamu viligunduliwa na wataalamu nchini Uingereza mwaka 1933. Kabla ya hapo watu walikisia tu. Waitalia wa zamani walidhani kwamba ugonjwa huu uliletwa na nguvu za nyota. Jina influenza limetoka katika lugha yao.

Kwa nini basi mafua huonekana kuzidi wakati wa baridi na mvua? Sababu moja ni hii. Wakati huo watu hukaa ndani pamoja, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Mtu mmoja akikohoa, wote huvuta hewa ile ile. Katika nchi zenye baridi kali, homa hii huja hasa wakati wa baridi. Katika nchi zetu za joto inaweza kuja mwezi wowote.

Tena virusi hivi hubadilika kila mara. Ni kama mwizi anayebadili shati ili asitambuliwe. Mwili uliomjua mwaka jana haumtambui mwaka huu. Ndiyo maana mtu anaweza kuugua homa ya mafua mara nyingi katika maisha yake.

INAENEAJE?

Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au akizungumza, hutoa matone madogo sana ya mate na makamasi. Ndani ya matone hayo mna virusi. Mtu aliye karibu huvivuta puani au mdomoni.

Njia ya pili ni mikono. Mgonjwa hujifuta kamasi kwa kiganja. Kisha hushika kikombe, kitasa cha mlango au mpini wa jembe. Virusi vinaweza kuishi juu ya vitu vigumu kwa siku 1 hadi 2. Mtu mwingine hushika kitu hicho, halafu hugusa macho, pua au mdomo wake. Ugonjwa umekwisha kuingia.

Tuchukue mfano. Baba amekwenda mnadani siku ya Jumamosi. Huko amekaa karibu na mtu anayekohoa. Jumapili yuko mzima. Jumatatu asubuhi anakwenda shambani akiwa mzima. Jumatatu jioni anaanza kutetemeka, na kichwa kinamuuma. Usiku huo analala chumba kimoja na mama na mtoto mchanga. Jumatano mama anaugua. Alhamisi mtoto anakataa kunyonya.

Angalieni mambo mawili katika mfano huu. Kwanza, ugonjwa huchukua kama siku 2 tangu kuingia mwilini hadi kuonekana. Pengine ni siku 1, pengine 4. Pili, mtu huanza kuambukiza wengine siku moja kabla ya kujiona mgonjwa. Baada ya hapo huendelea kuambukiza kwa siku 5 hadi 7. Watoto wadogo huambukiza kwa siku nyingi zaidi.

TUTAITAMBUAJE?

Mafua ya kawaida huanza polepole. Pua hutiririka na koo huwasha, lakini mtu anaweza kuendelea na kazi.

Homa ya mafua huja kwa ghafla. Dalili zake ni hizi:

1. Homa kali na kutetemeka.
2. Kichwa kuuma.
3. Misuli na viungo kuuma mwili mzima.
4. Kikohozi kikavu na koo kuuma.
5. Uchovu mwingi. Mtu hana nguvu hata ya kuinuka.
6. Kukosa hamu ya kula. Watoto wengine hutapika au huharisha.

Watu wengi hupona katika muda wa wiki moja. Kikohozi na uchovu vinaweza kubaki kwa wiki 2 au zaidi.

JE, NI MALARIA AU NI MAFUA?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Malaria nayo huleta homa, kutetemeka, kichwa kuuma na viungo kuuma. Mtu hawezi kuzitofautisha homa hizi kwa kushika paji la uso.

Wengine huenda dukani wakanunua dawa ya malaria bila kupima. Kama ugonjwa ni mafua, dawa hiyo haisaidii kitu. Fedha imepotea. Wengine hufanya kosa la pili, ambalo ni la hatari zaidi. Husema, "Ni mafua," kumbe ni malaria. Malaria inaweza kumuua mtoto kwa muda mfupi.

Dawa ya tatizo hili ni kupima. Kipimo cha haraka cha malaria huhitaji tone moja tu la damu kutoka kidoleni. Majibu hupatikana baada ya muda mfupi. Kwa hiyo kila mwenye homa aende zahanati akapimwe. Tusikisie.

WALIO KATIKA HATARI ZAIDI

Homa ya mafua inaweza kumpata mtu yeyote. Lakini watu wafuatao huzidiwa haraka:

Watoto wenye umri chini ya miaka 5, hasa wachanga.
Mama wajawazito.
Wazee.
Watu wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au siko seli.
Watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Kwa nini huzidiwa? Virusi hujeruhi ngozi laini iliyo ndani ya njia ya hewa. Hapo vijidudu vingine, viitwavyo bakteria, hupata nafasi ya kuingia kwenye mapafu. Ni kama boma ambalo ukuta wake umebomoka. Fisi hupita hapo hapo. Ugonjwa wa mapafu unaotokea huitwa nimonia. Wengine huuita kichomi. Nimonia ndiyo inayoua watoto wengi.

HESABU PUMZI ZA MTOTO

Mzazi anaweza kuitambua nimonia mapema. Hahitaji chombo cha hospitali. Anahitaji saa tu, au simu yenye saa.

Mtoto awe ametulia. Asiwe analia wala ananyonya. Mfunue kifua. Tazama kinavyopanda na kushuka. Kila kikipanda, hesabu moja. Hesabu kwa dakika 1 nzima.

Mtoto ana nimonia au yuko katika hatari kama anapumua hivi kwa dakika 1:

Mtoto wa chini ya miezi 2: mara 60 au zaidi.
Mtoto wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka 1: mara 50 au zaidi.
Mtoto wa mwaka 1 hadi asiyetimiza miaka 5: mara 40 au zaidi.

Mama asiyejua kuhesabu amwombe aliyesoma amsaidie. Hii ni faida moja ya kisomo.

Tazama pia dalili nyingine za hatari. Ukiona hata moja kati ya hizi, usingoje kesho:

1. Sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi.
2. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa.
3. Anatapika kila kitu.
4. Ana degedege.
5. Amelegea, au haamki vizuri.
6. Midomo au ulimi unageuka rangi kuwa wa bluu.

Kwa mtu mzima, dalili za hatari ni kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, na homa kurudi kwa nguvu baada ya kupata nafuu. Huyo naye apelekwe zahanati au kituo cha afya mara moja.

TUMHUDUMIEJE MGONJWA NYUMBANI?

Mgonjwa asiye na dalili za hatari, na ambaye amepimwa malaria akaonekana hana, anaweza kuuguzwa nyumbani.

Apumzike. Asilazimishwe kwenda shambani. Anywe maji mengi safi na salama, uji, supu au chai. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya mara kwa mara. Homa na maumivu vinaweza kupunguzwa kwa parasetamo. Fuata kipimo alichoeleza mganga wa zahanati. Mtoto asipewe aspirini, kwa sababu inaweza kumletea madhara makubwa ya ubongo na ini.

Asali kidogo katika maji ya vuguvugu hutuliza kikohozi. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali kabisa. Inaweza kumletea sumu mwilini.

Wengine hupenda kujifukiza kwa mvuke wa majani. Mvuke hauui virusi. Tena watoto wengi wameungua kwa sufuria ya maji yaliyochemka. Usimfukize mtoto.

Je, tununue dawa za viuavijasumu, zile za vidonge vya rangi mbili? Hapana. Dawa hizo huua bakteria. Haziui virusi. Mtu mwenye mafua akizimeza bila sababu, anapoteza fedha. Zaidi ya hayo, bakteria huzizoea. Siku atakapougua nimonia kweli, dawa hiyo inaweza kushindwa kumponya. Mganga akithibitisha kwamba kuna nimonia, hapo atatoa dawa hizo. Mgonjwa azimalize zote kama alivyoelezwa, hata akijiona amepona.

Ziko pia dawa zinazopigana na virusi vya homa ya mafua vyenyewe. Hutolewa na daktari kwa wagonjwa waliozidiwa au walio katika hatari. Hufanya kazi vizuri zaidi zikianza kutumiwa ndani ya siku 2 za kwanza. Hii ni sababu nyingine ya kutochelewa.

Neno moja zaidi. Mtu anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi asiseme ni mafua. Aende akapimwe kifua kikuu.

TUJIFUNZE KUTOKA MWAKA 1918

Zamani homa hii iliwahi kuitikisa dunia nzima. Ilikuwa mwaka 1918, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Virusi vya aina mpya vilitokea. Hakuna mwili wa mtu uliokuwa unavijua. Inakadiriwa kwamba watu milioni 500 waliugua. Hiyo ni theluthi moja ya watu wote wa dunia wakati ule. Watu wapatao milioni 50 walikufa. Cha ajabu ni kwamba wengi waliokufa walikuwa vijana wenye nguvu.

Ugonjwa ule uliitwa mafua ya Hispania. Lakini haukuanzia Hispania. Nchi zilizokuwa vitani zilizuia magazeti kuandika habari zake. Hispania haikuwa vitani, na magazeti yake yaliandika wazi. Watu wakadhani ugonjwa umetoka huko.

Afrika Mashariki haikupona. Ugonjwa ulifika Mombasa kwa meli mwezi wa Septemba 1918. Kutoka pwani ulisafiri pamoja na watu. Tanganyika wakati ule ilikuwa imechoka kwa vita. Wapagazi na askari walikuwa wanarudi makwao. Jeshi la Wajerumani lilijisalimisha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mahali ambapo leo ni Mbala, nchini Zambia. Wengi katika misafara ile walishikwa na ugonjwa huu. Huko Ugogo kulikuwa na njaa kubwa iitwayo Mtunya. Mwili wenye njaa hauna nguvu ya kupigana na ugonjwa.

Baadaye virusi vipya vilienea duniani mwaka 1957, mwaka 1968 na mwaka 2009. Vile vya mwaka 2009 viliitwa mafua ya nguruwe. Vilifika Kenya na Tanzania mwaka huo huo.

Tunajifunza nini? Ugonjwa huu husafiri na watu. Zamani ulipanda meli na gari moshi. Siku hizi hupanda basi na ndege. Kwa hiyo kijiji kilicho mbali na mji kisijidanganye kwamba kimejificha.

KUKU NA BATA WETU

Ndege nao wana homa yao ya mafua. Aina nyingine za virusi vyao zinaweza kumwingia binadamu na kumuua. Mwezi wa Januari 2017 nchi ya Uganda ilitangaza kwamba mafua ya ndege yameua ndege wa porini kandokando ya Ziwa Victoria, na pia kuku na bata wa kufugwa. Ziwa hilo ni letu pia.

Kuku wengi wakifa kwa ghafla, inaweza kuwa kideri, au inaweza kuwa mafua ya ndege. Kwa macho huwezi kujua. Usiwachinje wala kuwala. Usiwauze haraka haraka kwa jirani. Usiwashike kwa mikono mitupu. Watoto wasiwachezee. Toa taarifa kwa afisa mifugo au kwa mwenyekiti wa kijiji.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana. Kisha walitoka wakachimba vyoo na kufyeka majani. Walielewa kwamba afya haishuki kutoka mbinguni. Kwa homa ya mafua tufanye vivyo hivyo. Haya hapa ni mambo ya kufanya:

1. Ukikohoa au kupiga chafya, ziba mdomo na pua kwa kitambaa, au kwa upande wa ndani wa kiwiko. Usizibe kwa kiganja.

2. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Virusi vya mafua vimefunikwa na utando wa mafuta. Sabuni huyeyusha mafuta hayo, kama inavyoondoa mafuta kwenye sufuria. Kama huna sabuni, tumia jivu safi.

3. Ukiwa mgonjwa, kaa nyumbani. Mtoto mgonjwa asipelekwe shuleni. Usisogee karibu na watu. Acha nafasi ya mita 1 au zaidi.

4. Mgonjwa awe na kikombe chake na kitambaa chake. Kama inawezekana, alale mbali na wengine. Mama anayenyonyesha akiugua asiache kunyonyesha. Anawe mikono, afunike pua na mdomo kwa kitambaa safi, kisha amnyonyeshe mtoto.

5. Fungua madirisha. Nyumba isiyo na dirisha itobolewe dirisha. Hewa safi huondoa virusi.

6. Punguza moshi jikoni. Mtoto anayevuta moshi wa kuni kila siku huugua nimonia kwa urahisi zaidi. Usimbebe mgongoni unapopuliza moto.

7. Wapeleke watoto wakapate chanjo zote. Tanzania hutoa chanjo ya kuzuia nimonia tangu mwaka 2013. Mtoto huipata akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo hii haizuii mafua, lakini huzuia bakteria wanaoingia baada ya mafua.

Iko pia chanjo ya homa ya mafua yenyewe. Kwa kuwa virusi hubadilika, chanjo hiyo hutengenezwa upya, na mtu huchanjwa kila mwaka. Haipatikani kila mahali. Uliza katika kituo chako, hasa kama una mimba, una umri mkubwa au una ugonjwa wa siku nyingi.

TUTENGENEZE KIBUYU CHIRIZI

Kunawa katika beseni moja, mtu baada ya mtu, ni kuambukizana. Maji yatiririke. Kama hakuna bomba, tengeneza kibuyu chirizi:

Chukua dumu dogo lenye mfuniko. Toboa tundu dogo chini kidogo ya mfuniko kwa msumari uliopashwa moto. Simika miti miwili na ulaze mti wa tatu juu yake. Pitisha mti huo kwenye mkono wa dumu, ili dumu lining'inie. Funga kamba shingoni mwa dumu. Ncha ya pili ya kamba ifunge kwenye kijiti kilicho chini. Ukikanyaga kijiti, dumu huinama na maji hutoka. Hugusi dumu kwa mkono mchafu. Ning'iniza sabuni kando yake. Weka kibuyu chirizi kimoja karibu na choo, na kingine karibu na jiko.

Ndugu msomaji, kazi hii haihitaji fedha nyingi. Dumu, msumari, kamba na miti vimo kijijini. Anza leo nyumbani kwako. Kesho msaidie jirani.

MANENO MAGUMU

Virusi: vijidudu vidogo sana vinavyoleta magonjwa kama mafua na surua.
Bakteria: vijidudu vya aina nyingine, wakubwa kuliko virusi.
Nimonia: ugonjwa wa mapafu, kichomi.
Viuavijasumu: dawa za kuua bakteria.
Siko seli: ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa wazazi wake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, baridi huleta mafua? Elezeni.
2. Kwa nini mwenye homa apimwe malaria?
3. Mtoto wa miezi 8 anapumua mara 54 kwa dakika 1. Mama yake afanye nini?
4. Ni nyumba ngapi kijijini kwenu zina mahali pa kunawia mikono? Mtafanya nini ili nyumba zote ziwe napo?